Mshipa wa kati ya mbavu: kwa nini damu haikukoma, na nani aliukata?

Swali

Shikamoo daktari. Mimi ni tabibu katika hospitali ya wilaya. Tulipokea kijana wa miaka 24, kilo kama 60, amechomwa kisu mgongoni upande wa kushoto, kwenye ncha ya chini ya bapa la bega. Nilimwekea mrija wa kifua ubavuni, chini ya kwapa, na papo hapo zikatoka mililita 900 za damu. Saa ya kwanza zikaongezeka 300, ya pili 280, ya tatu 250. Ndipo nikampa rufaa. Walipomfungua walikuta moyo na pafu vizima. Kilichokatwa ni mshipa mmoja chini ya ubavu wa saba, palepale kwenye jeraha la kisu. Kijana yuko hai, hii ni wiki ya tatu, ila analalamika kwamba ngozi inamuwasha kama kapakwa pilipili, kutoka kwenye kovu kuzunguka hadi mbele. Je, mshipa mdogo vile unawezaje kumwaga damu yote ile? Na je, si mimi niliyeukata nilipoweka mrija? Hili la pili linaninyima usingizi.

Jibu

Marahaba, tabibu. Tuanze na hilo linalokunyima usingizi. Hukuukata wewe, na ushahidi umeuandika mwenyewe. Mrija wako ulipita chini ya kwapa, na mshipa ulikatika mgongoni chini ya jeraha la kisu. Sehemu hizo mbili zimeachana kwa kiganja kizima au zaidi. Halafu mililita 900 zilitoka mara tu ulipotoboa utando wa kifua. Damu nyingi hivyo haikusanyiki katika sekunde chache za kusukuma mrija, ilikuwa imeshajaa humo kabla hujashika kisu cha upasuaji.

Mshipa uliokatwa na mwekaji mrija huonekana tofauti. Kwanza hutoka hewa, au maji, au damu kidogo iliyokoza. Baadaye, mgonjwa akiwa ameanza kutulia, hutokea damu nyekundu angavu, mara nyingi ikichuruzika pembeni ya mrija kwenye mshono wenyewe, na presha huanza kushuka baada ya mrija badala ya kupanda. Ukiona mtiririko wa namna hiyo, jishuku mapema na useme wazi kwa unayempelekea mgonjwa. Kwa kijana wako haukuwepo.

Sasa kuhusu udogo wa mshipa. Chukua ile namba yako ya mililita 300 kwa saa, igawanye kwa dakika 60. Unapata mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai kila dakika. Mtu akikiangalia kijiko hicho hatishiki. Lakini karibu kijiko kwa dakika, kwa saa tatu (300, 280 na 250), juu ya zile 900 za mwanzo, ni mililita 1,730. Mtu wa kilo 60 ana damu kama mililita 4,200, kwa kukadiria mililita 70 kwa kila kilo. Kijana alikuwa amepoteza karibu asilimia 41 ya damu yake, bila kuhesabu mabonge yaliyobaki kifuani na damu iliyomwagika njiani kabla hajafika kwako.

Kijiko hicho hakikomi kwa sababu ya mahali mshipa unapotoka. Ateri za nyuma za kati ya mbavu, kuanzia nafasi ya tatu hadi ya kumi na moja, huchipuka moja kwa moja kutoka kwenye aorta, ateri kuu inayotoka kwenye moyo. Zile mbili za juu hutokana na tawi la ateri iliyo chini ya mtulinga. Kwa hiyo presha ndani ya mshipa huo ni ileile unayoipima mkononi, 120 kwa 80. Pafu likichanika, damu yake inasukumwa na presha ya kama 25 kwa 10 tu, na likijaa hewa tena hujikandamiza lenyewe kwenye ukuta wa kifua na kujifunga. Ndiyo maana wengi wa wenye damu kifuani hupona kwa mrija peke yake. Damu ikiendelea kutoka wakati pafu limeshafunguka, wazo la kwanza liwe ukuta wa kifua, yaani mshipa wa kati ya mbavu au ule unaoshuka kandokando ya mfupa wa kifua kwa ndani.

Jambo la pili, ambalo hata madaktari wa upasuaji wachanga hulisahau, ni kwamba mshipa huu una milango miwili. Nyuma unalishwa na aorta. Mbele unaungana na matawi ya ateri ya ndani ya kifua, na kwa nafasi za chini matawi yake yanayofuata kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ukiufunga upande wa nyuma tu, damu huja kutoka mbele. Lazima ufungwe pande zote mbili za mkato.

Kisha kifua chenyewe hakimsaidii mgonjwa. Mkono ukikatwa, nyama zinazouzunguka mshipa huubana. Ndani ya kifua mshipa unamwagia kwenye uwazi unaobeba hadi lita 3 upande mmoja, na kila mgonjwa anapovuta pumzi uwazi huo unanyonya. Akipumua mara 30 kwa dakika, bonge la damu linalojaribu kushika mdomo wa mshipa linatikiswa mara 30. Na mshipa ukichanwa upande mmoja bila kukatika kabisa, hali huwa mbaya zaidi, maana ateri iliyokatika kabisa hujikunja na kurudi nyuma, lakini iliyochanika nusu inavutwa pande zote na tundu linabaki wazi.

Namba zako zinafundisha jambo moja zaidi, nami nitalisema bila kukulaumu. Vigezo vinavyotumika kwa majeruhi ni hivi: mililita 1,500 au zaidi zikitoka mara mrija unapoingia, au zaidi ya mililita 200 kila saa kwa saa 2 hadi 4 mfululizo, kifua kifunguliwe. Mgonjwa wako hakufika 1,500 mwanzoni, lakini saa ya pili ilipoisha alikuwa na 300 na 280. Hapo ndipo simu ya rufaa ilipaswa kupigwa. Na kama hospitali ya kumfungulia iko mbali, hakuna haja ya kungoja hata hiyo saa ya pili. Mtu aliyetoa 900 mara moja na presha yake bado iko chini ya 100 atafutiwe gari papo hapo, hesabu ya saa iendelee wakati dereva anatafutwa.

Hesabu hiyo inategemea chupa inayopokea damu ya mrija, na chupa hudanganya. Iweke ile ya lita 2 sakafuni, mimina maji safi mililita 500, ncha ya mrija izame sentimita 2 tu. Bandika plasta wima kwenye ubavu wa chupa, uchore mstari kwenye usawa wa maji na kuandika saa. Huo mstari ndio sifuri. Kila saa chora mwingine na uandike saa yake pembeni. Asiyefanya hivyo huandika 1,400 kumbe damu ni 900 na maji ni 500. Au mwingine akija zamu humwaga chupa bila kuandika, na hesabu nzima inapotea. Damu ikipanda ndani ya chupa, ncha ya mrija nayo inazama zaidi na mgonjwa analazimika kusukuma kwa nguvu, kwa hiyo badilisha chupa kabla haijafika huko.

Chupa ikisimama ghafla usishangilie. Damu iliyokuwa ikishuka 280 kwa saa haikomi kwa dakika tano kwa rehema tu. Tazama maji kwenye mrija: yakiyumba anapopumua, njia iko wazi. Yakitulia tuli na mgonjwa anahema zaidi, kuna bonge limeziba na damu inajaa ndani. Hapo altrasaundi inafaa kuliko kungoja eksirei. Na eksirei ya mgonjwa aliyelala chali inaweza kuficha hadi lita nzima, unaona ukungu tu upande mmoja. Akiwa amekaa, mililita 200 hadi 300 zinatosha kufuta ile pembe kali ya chini ya pafu.

Katikati ya mrija na chumba cha upasuaji kuna kazi yako, na ndiyo iliyomfikisha kijana huyu akiwa hai. Oksijeni. Kanula mbili nene za kuingizia dripu, namba 14 au 16. Damu ya kupima kundi ipelekwe maabara kwa sindano ileile ya kwanza. Asidi ya traneksamiki, dawa inayolinda bonge la damu lisiyeyuke, gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, kisha gramu 1 nyingine kwa saa 8. Utafiti wa CRASH-2 uliotolewa mwaka 2010, wenye majeruhi zaidi ya 20,000 kutoka nchi 40, ulionyesha kwamba dawa hii inaokoa maisha ikitolewa ndani ya saa 3 tangu kuumia, na ikichelewa baada ya hapo inaweza kudhuru. Basi andika saa ya kuumia kabla ya kuivuta.

Maji ya dripu yatumie kwa kipimo. Lita tatu za chumvi zitapandisha presha hadi 120, na presha hiyo itang'oa bonge, itazimua vigandisha damu na kumpoza mwili. Kama hana jeraha la kichwa, ile namba ya juu ya presha ikiwa 80 hadi 90 na akili zake timamu inatosha mpaka mshipa ufungwe. Anachohitaji ni damu. Kuna wanaomrudishia damu yake mwenyewe kutoka kifuani, ikikingwa kisafi kwenye mfuko wenye dawa ya kuzuia kuganda na kupitishwa kwenye seti yenye chujio. Ni njia nzuri pale benki ya damu ilipo tupu. Lakini kwa jeraha la kijana huyu ningesita. Kisu kilichoingia kwenye ncha ya bapa la bega upande wa kushoto kinaweza kupita kiwambo na kufika wengu au tumbo la chakula. Jeraha lolote lililo chini ya chuchu mbele, au chini ya ncha ya bapa la bega nyuma, ni la kifua na la tumbo mpaka tumbo litakapochunguzwa.

Usibane mrija kwa matumaini kwamba damu ikijaa itajizuia yenyewe. Wazo hilo bado linazunguka wodini. Kinachojaa ni kifua, na pafu pamoja na moyo ndivyo vinavyobanwa. Kwenye gari la wagonjwa chupa ikae chini ya usawa wa kifua, isimamiwe na mtu. Ikiinuliwa juu ya mgonjwa, maji na damu vinarudi ndani.

Kuna ujanja mmoja wa dharura unaostahili kukaa kichwani, kwa jeraha linalobubujika nje na chumba cha upasuaji kiko saa mbili mbele. Chukua mpira wa mkojo namba 18 au 20, uingize kwenye tundu la kisu mpaka puto lipite ndani ya kifua, jaza puto maji safi mililita 20 hadi 30, kisha uvute polepole mpaka likwame kwenye ukuta wa ndani. Puto linaubana mshipa dhidi ya mbavu. Weka gozi nje, funga mpira kwa koleo juu ya gozi ili usirudi ndani, na uuzibe mdomo wake. Mrija wa kifua ubaki mahali pake pengine. Hufanya kazi pale tu mshipa ulipo jirani na tundu. Jeraha lisilobubujika usilichokoe kwa kidole wala koleo kutafuta kina chake, utafungua kilichokwisha kujifunga. Na kujaza gozi kwenye tundu la juu kunazuia damu ya nje tu, ile ya ndani inaendelea kushuka usiione.

Kwa kuwa umeuliza kuhusu mkono wako, tuutazame kwa karibu. Chini ya kila ubavu, upande wa ndani, kuna mfereji. Ndani yake vimepangana kutoka juu kwenda chini vena, ateri, neva. Ubavu unavificha kama mchirizi wa bati. Kwa hiyo sindano na koleo vipite juu ya ubavu wa chini wa nafasi, kamwe si chini ya ubavu wa juu. Lakini mchirizi huo haufiki mgongoni kabisa. Katika sentimita kama 6 za kwanza kutoka katikati ya mgongo ateri inapita wazi katikati ya nafasi, na kwa wazee hupindapinda kama njia ya ng'ombe. Mtu anayetoa maji ya kifua kwa kumchoma mzee karibu na uti wa mgongo anacheza na ateri hata kama amepita juu ya ubavu. Sogea pembeni, kuelekea ubavuni.

Kwa mrija, mahali salama ni pembetatu iliyo chini ya kwapa: mbele ukingo wa msuli mkubwa wa kifua, nyuma ukingo wa msuli mpana wa mgongo, chini usawa wa chuchu. Mkono wa mgonjwa uwe nyuma ya kichwa. Lignokeini, dawa ya ganzi, isizidi miligramu 3 kwa kilo. Kwa kilo 60 ni miligramu 180, yaani mililita 9 za asilimia 2, nawe ukizichanganya na kiasi kilekile cha maji ya chumvi unapata 18 za asilimia 1, zinazotosha ngozi, utando wa mfupa na utando wa kifua. Unapochoma ganzi, gusa mfupa wa ubavu wa chini kwa ncha ya sindano, kisha itelezeshe juu ya ukingo wake mpaka uingie. Ukivuta ukapata hewa au damu, umeshaijua njia. Kata ngozi sentimita 3 hadi 4 sambamba na ubavu, fungua misuli kwa koleo butu kwenye njia ileile, ingiza kidole ukahisi pafu na uhakikishe hakuna utumbo wala kiwambo, ndipo mrija namba 28 hadi 32 uingie ukielekea nyuma na juu. Ile chuma yenye ncha kali inayokuja ndani ya baadhi ya mirija itoe na uiweke kando. Ndiyo inayotoboa pafu, ini na ateri.

Hata ukifanya yote hayo, kuna tawi dogo linalopita kwenye ukingo wa juu wa ubavu wa chini, na mara chache huguswa. Tawi hilo likivuja, mara nyingi kidole kikibana kwa dakika kadhaa hutosha. Lisipokoma, panua mkato, pitisha sindano kubwa yenye uzi mnene kuuzunguka ubavu wote, mshono mmoja kila upande wa mahali panapovuja, ukaze.

Ndivyo walivyofanya pia kwa kijana wako, kwa macho na nafasi kubwa zaidi. Kwa mgonjwa anayeshuka presha kifua hufunguliwa mbele ubavuni, kwenye nafasi ya nne au ya tano. Kwa aliyetulia, kamera hutosha, na inasaidia pia kuondoa mabonge yaliyobaki, kazi inayofaa kufanywa ndani ya wiki ya kwanza kabla hayajashikana au kuoza. Mkato ulio jirani kabisa na uti wa mgongo ni mgumu, kwa sababu ateri hukimbilia kwenye tundu la neva kati ya pingili. Kushindilia pamba za kugandisha damu ndani ya tundu hilo kumewahi kupooza watu miguu: pamba huvimba na kubana ugwe mgongo, ule uzi wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo. Hospitali chache kubwa, Muhimbili ikiwemo, zinaweza kuziba mshipa kutoka ndani kwa waya mwembamba unaopitishwa kwenye ateri ya paja. Nako anayeziba hutafuta kwanza ateri ya Adamkiewicz, inayolisha ugwe mgongo, na ambayo mara nyingi huchipuka upande wa kushoto kati ya pingili ya 9 na ya 12 ya kifua.

Hatari hizi haziko kwa visu tu. Aliyeanguka na bodaboda akavunjika mbavu anaweza kuonekana mzima siku ya kwanza, eksirei safi, akaruhusiwa. Ncha ya mfupa ikisogea siku kadhaa baadaye, mshipa unachanika. Anayeruhusiwa na mbavu zilizovunjika aambiwe kwa maneno mepesi arudi akianza kuhema, kizunguzungu au maumivu mapya, hata wiki ya pili, na apigwe picha upya badala ya kuonyeshwa ile ya zamani.

Sasa ngozi inayowaka. Neva iko milimita chache tu kutoka kwenye ateri iliyokatwa. Ama kisu kiliipitia, ama mshono ulioufunga mshipa umeibana. Njia yake ni ileile anayokuonyesha kwa kidole, kutoka kwenye kovu kuzunguka hadi mbele. Paracetamol gramu 1 kila saa 6 humsaidia kupumua na kukohoa vizuri, lakini moto wa neva huisikia kidogo. Amitriptyline miligramu 10 usiku, ikipandishwa hadi 25 baada ya wiki moja kama anaivumilia, hufanya kazi zaidi. Mwambie italeta usingizi na kinywa kikavu, asiendeshe pikipiki mpaka aizoee. Kwa wengi hupungua kwa miezi. Asifunge kifua kwa kitambaa cha kubana, itamnyima pumzi ya kina na kumletea nimonia.

Kabla ya kuandika dawa hiyo, mpime joto, sikiliza chini ya pafu la kushoto na uweke altrasaundi. Homa au kuhema katika wiki ya tatu kunaashiria bonge lililobaki na sasa limegeuka usaha. Kisha weka kiganja juu ya kovu kwa dakika nzima. Mara chache mshipa uliojeruhiwa hutengeneza kifuko cha damu pembeni yake. Ukikuta uvimbe unaodunda pamoja na mapigo, usiuchome sindano wala kuupasua ukidhani ni jipu. Rudisha mgonjwa kule alikofanyiwa upasuaji siku hiyohiyo.